Weupe Aliouona Mama Hortense

Kwa miaka kumi na tisa Mama Hortense aliwaogesha wajane wa kambi ya reli ya Kalemie, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanamke aliyepata kumwona yeye bila kitenge. Hata kwenye joto la mwezi wa tisa alioga peke yake, ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, mlango umefungwa kwa waya. Watu walisema ni adabu. Haikuwa adabu. Chini ya kitenge kile, mahali ambapo mwanamke hamwonyeshi mtu, ngozi yake ilikuwa imegeuka nyeupe, nyembamba kama karatasi ya kusokotea tumbaku, yenye mikunjo, na ilimwasha hata alipokuwa kanisani anaimba.

Kitu hicho kilimwanza akiwa na miaka arobaini na minne. Mama yake alikuwa amekwisha kufa, na shangazi yake alikuwa amehamia Moba. Zamani hilo lisingemwacha mtu peke yake na ugonjwa wake. Wanawake wa Kalemie walioga ziwani pamoja kila alasiri, vikongwe kwa wasichana, na kikongwe akiona alama kwenye mwili wa mwenzake alimvuta kando akamuuliza: hii imekuanza lini? Si kwamba walikuwa na dawa ya kila kitu. Wengi walizikwa kwa maradhi ambayo leo yanapona. Lakini mwili wa mwanamke haukuwa mzigo wa mtu mmoja. Kisha yakaja mabati, kila nyumba ikajifungia na ndoo yake, na watu wakaita hayo maendeleo.

Basi Hortense alikwenda peke yake kwenye zahanati moja ambayo siku hizi haipo tena. Muuguzi hakumtazama. Alikaa upande wa pili wa pazia, kalamu mkononi.

"Inawasha?"

"Inawasha, Papa."

"Bwana yako anafanya kazi gani?"

"Ni karani wa mizigo kwenye meli. Anaendaka Kigoma na kurudi."

"Ah! Njo hivyo, ndivyo ilivyo," alisema muuguzi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza hesabu. "Ni ugonjwa ya njia, Mama, ya bwana mwenye kulala nje. Sindano kwake, sindano kwako."

Tony, mumewe, alikuwa mtu wa mzaha. Alichomwa sindano zake zote, akarudi nyumbani anachechemea, akasema, "Hortense, huko Kigoma miye ninalala juu ya magunia ya chumvi. Nenda uliza magunia."

"Magunia hayana ugonjwa."

"Basi hata miye sina. Naapa kwa kaburi ya mama yangu."

"Mama yako hakukuwa kwenye meli."

Sindano zilikwisha, weupe ukabaki, na Hortense akaona hakuna haja ya ushahidi mwingine. Asubuhi moja Tony aliporudi kutoka bandarini alikuta sanduku lake barazani, limefungwa kwa kamba, na shati lake la kanisani limekunjwa vizuri juu yake. Alisimama pale kwa muda mrefu. Majirani walitazama. Kisha alilibeba akaenda Kabimba, akapata kazi kwenye machimbo ya chokaa, na mtoto wao Michée, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, akamfuata baba yake bila kumuaga mama.

Miaka kumi na minne baadaye habari ikaja kwamba Tony amekufa kwa kifua. Wanawake wa kambi walikuja kukaa na Hortense. Wakamkuta mbele ya tanuru lake la udongo, anatoa mikate ya kuuza kama siku yoyote.

"Miye sina mufu," aliwaambia. "Mwenye mufu yuko Kabimba."

Neno hilo lilizunguka kambini, na Hortense akasimama juu yake kama mtu aliyesimama juu ya jiwe mtoni. Alikuwa mwanamke aliyetendewa ubaya na akakataa kulia. Ndivyo alivyojijua, na ndivyo kambi nzima ilivyomjua.

Mwaka jana alikufa mdogo wake, Emile. Emile alikuwa mtu wa kubadilisha njia za reli na kusimamisha treni kwa bendera tangu siku zile treni zilipokuwa zikija kwa saa inayojulikana, na alikuwa mtu asiyelala nje. Hilo watu wote walilijua. Hortense alilijua kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyemlea. Sukari ilimla mguu, kisha ikamla yeye. Akamwacha mjane, Florentine, mwanamke mrefu wa Kiambi asiyekuwa na maneno mengi, na binti mmoja, Chancelle, mwalimu wa shule ya msingi.

Ulipofika wakati wa kuondoa kilio, dada za marehemu walimpeleka Florentine ziwani kabla jua halijapanda, kama desturi inavyotaka. Walimnyoa nywele, wakamvua nguo nyeusi, wakammwagia maji kutoka kichwani. Na Hortense, aliyeinama kumsugua miguu, akaona.

Ulikuwa ule ule. Weupe ule ule, mikunjo ile ile, ngozi ile ile ya karatasi. Na pembeni, kidonda kidogo kigumu, kama punje ya mahindi.

Kopo lilimponyoka mkononi. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuuona ugonjwa wake kwa mtu mwingine, na sasa alikuwa anautazama kama mtu anayekutana na uso wake mwenyewe barabarani. Kisha akili yake, ambayo ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo mara moja, ikaipita tena kwa haraka: huu ni ugonjwa wa njia. Emile hakuwa mtu wa njia. Basi aliyeuleta ni nani?

Waogeshaji wa zamani walikuwa na sheria mbili, na walimfundisha kila aliyeshika kopo. Ya kwanza: ulichokiona majini usikitangaze. Ya pili: ulichokiona majini usikiache hivyo hivyo, mchukue huyo mwanamke mahali anapoweza kusaidiwa. Vizazi vya leo vimebakiza wembe, kopo na kitenge kipya cha kupigia picha. Sheria zenyewe hakuna anayeziulizia. Hortense alizijua, alizisikia kwa masikio yake akiwa msichana, na siku hiyo alizivunja zote mbili.

Jumapili iliyofuata, kwenye kikao cha ukoo nyumbani kwa kaka yao mkubwa, Papa Norbert, alisimama akasema, "Ndugu yetu hakukufa na sukari peke yake. Muulizeni huyu mwanamuke mwili wake unasema nini. Miye nimeona kwa macho yangu."

Watu wote waligeuka. Florentine alitazama chini. Ni nani angeweza kujibu jambo kama hilo mbele ya wanaume? Alinyamaza, na kunyamaza kwake wakakuhesabu kuwa ni kukiri. Papa Norbert alikohoa, akasema kwamba mvua zikiisha, shemeji arudi kwao Kiambi, na nyumba ibaki kwa ukoo.

Florentine alijifungia miezi minne. Hakwenda sokoni, hakwenda kanisani. Chancelle ndiye aliyeona damu kwenye nguo za kufua, akalia, akapiga kelele, akamkokota mama yake hospitali kwa Dokta Laetitia, kijana wa kike aliyetoka masomoni karibuni. Dokta huyo alivuta pazia, akavaa glavu, akatazama.

Siku chache baadaye Chancelle alisimama mbele ya tanuru la Hortense.

"Shangazi, mama amekatwa kinyama kidogo. Kimeenda Lubumbashi, na kutoka kule kitaenda ng'ambo, kwa maabara ya wakubwa."

"Kinyama ya kufanya nini?"

"Ya kusema ukweli. Dokta anasema kuna protini mbili ndani ya nyama, wanazipakaka rangi. Moja inaonyesha kama ni virusi ya kulala na watu njo ilileta hii kidonda."

Hortense aliendelea kupanga mikate. "Na kama inaonyesha?"

"Nitamufunga mama mizigo miye mwenyewe. Na kama haionyeshi, Shangazi?"

"Ondoka kwa mulango, mutoto. Mikate inaungua."

Mikate haikuwa inaungua. Hortense aliketi juu ya kigoda, na hapo, kwa mara ya kwanza, alielewa kilichokuwa kinakuja. Kama karatasi ya maabara itamwosha Florentine, itamwosha na Tony. Ngozi ni moja. Kama Florentine hakuletewa na mtu, basi yeye Hortense naye hakuletewa na mtu, na lile sanduku barazani, na ile miaka kumi na minne ya Kabimba, na ule msiba aliokataa kuukalia, vyote vilikuwa vya bure.

Majibu yalichukua wiki tisa. Kila asubuhi ya wiki hizo Hortense alikwenda misa ya kwanza akapiga magoti. Aliomba karatasi imhukumu wifi yake. Alijua ni sala mbaya, lakini hakuwa na nyingine.

Siku ya majibu, Florentine mwenyewe ndiye aliyemwita. Alikuja mlangoni kwa Hortense, amekonda, anatembea kwa hatua fupi za mtu mwenye kidonda. "Wifi, twende. Ulisema mbele ya watu. Leo utasikia."

Katika ofisi ya Dokta Laetitia kulikuwa na viti viwili tu, Chancelle alisimama. Dokta alimtazama Hortense, kisha Florentine. "Mama Florentine, haya ni mambo yako mwenyewe. Unataka kweli asikie?"

"Yeye njo wa kwanza kusikia."

Dokta alifungua bahasha. Alisema taratibu, akiweka kidole kwenye kila mstari. "Protini ya kwanza inaitwa p16. Chembe za mwili zikiingiliwa na ile virusi, hiyo protini inajazana mule, na rangi ya kahawia inashika kipande kizima. Ya Mama Florentine haikushika. Hakuna virusi hapa."

Chancelle alipiga kofi mapajani. "Umesikia, Shangazi? Umesikia?"

"Ngoja," alisema Dokta. "Hata kama ingeshika, Mama, isingesema nani alienda wapi. Ile virusi inaweza kulala ndani ya mutu miaka makumi. Karatasi ya maabara haijuaki mambo ya ndoa."

Florentine alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilitikisika, ikataja jina la Emile mara mbili. Kisha alicheka, kicheko kidogo cha ajabu. Alikuwa amesafishwa, na kwa muda mfupi hakuna kingine alichokihitaji duniani.

"Ya pili," Dokta aliendelea, na sauti yake ikashuka, "ni p53. Hiyo njo mulinzi. Ikiona chembe imeharibika, inaisimamisha isizae. Kwako mulinzi mwenyewe ameharibika. Rangi imeshika kali, chembe kwa chembe. Mama, hii ni kansa. Imetokea ndani ya ile ngozi nyeupe. Na hii isiyotokana na virusi, kwa kawaida njo ile kali zaidi."

Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda cha magurudumu, na gurudumu moja lilikuwa linalia.

"Mulinzi," alisema Florentine polepole. "Kama Emile na bendera yake."

Hortense alisikia sauti yake mwenyewe inauliza, "Na ile nyeupe? Ile nyeupe nani alileta?"

"Hakuna aliyeleta, Mama. Ni ugonjwa ya ngozi tu, wanaita likeni. Mwili unajipiga wenyewe. Haiambukizi. Hata mwanamuke ambaye hajapata kuolewa anaweza kuipata. Wengi wanayo, wanaficha. Ukiipaka pomada kila mara, kwa wengi inatulia na haifiki kwa kansa." Dokta alikunja karatasi. "Kama mtu angekuja naye mapema, wakati kidonda ni kidogo, tungekuwa na mazungumzo mengine. Miezi sita hivi iliyopita."

Dokta hakujua alichokuwa anasema. Chancelle alijua. Alimgeukia shangazi yake, na kile kilichokuwa usoni mwake Hortense hakuwa amewahi kukiona kwa mtoto wa ndugu yake. Lakini Hortense hakuwa na nafasi ya kuogopa uso huo. Alikuwa anamwona mtu anasimama barazani na sanduku, na shati la kanisani juu yake.

"Dokta," alisema, "niangalie na miye."

"Mama?"

"Niangalie! Hata sasa hivi."

Alikwenda nyuma ya pazia, akafungua kitenge ambacho hakukifungua mbele ya mtu kwa miaka ishirini na miwili. Dokta alitazama kwa muda mrefu, akagusa hapa na pale. Florentine na Chancelle, upande wa pili, walisikia kila neno.

"Ni ile ile, Mama. Likeni. Lakini hakuna kidonda, hakuna kinundu. Yako haijageuka. Nitakupa pomada, na utarudi kwangu kila miezi sita."

"Haijageuka," alisema Hortense.

"Hapana. Una bahati."

Akiwa amelala pale chali, macho kwenye dari lenye madoa ya mvua, Mama Hortense alitoa sauti iliyowafanya wauguzi wa chumba cha pili waje kuchungulia. Halikuwa neno. Florentine, ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa ameambiwa ana kansa, ndiye aliyeinuka, akavuta pazia, akamrudishia kitenge kiunoni.

"Kumbe uko nayo," alimwambia. "Siku ile kwenye maji ulikuwa unajua hii kitu. Uliijua kuliko miye."

"Niliijua vibaya, Florentine."

"Uliijua, na ulinyamazia yako, ukatangaza yangu." Florentine alimfunga fundo la kitenge kwa nguvu, kama anavyofungwa mtoto mkaidi. "Jumapili utasimama pale pale uliposimama."

Papa Norbert hakutaka kikao. "Mambo ya chini ya wanawake tumalizie hospitali," alisema. "Florentine abaki na nyumba yake, aende Lubumbashi wamupasue, ukoo utasaidia. Imeisha."

"Haijaisha," alisema Hortense. Alisimama. Alikuwa amejiandaa maneno, na maneno yote yakamkimbia, akabaki na yale ya kawaida. "Nilisema uongo juu ya mke wa Emile. Sikujua ni uongo. Kidonda nilikiona kidogo, nikakiacha kikawa kikubwa. Yeye hana ubaya wowote. Na Tony hakukuwa na ubaya. Nilimufukuza bwana yangu kwa sababu ya ngozi."

Wanaume waliinamisha vichwa. Kijana mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Tony gani?" Vijana wengine hawakuwa wamepata hata kumsikia.

Papa Norbert alivua miwani. Alionekana mzee ghafla. "Alikuja kwangu mara tatu," alisema. "Analia, mwanaume mzima. Anasema, Norbert, tuma wanawake wazee wamuangalie dada yako, kuna kitu hakiko sawa na mwili wake. Nikamuambia mambo hayo ni ya zamani. Kuna zahanati."

Florentine aliondoka Kalemie siku ya Jumatano kwenda kupasuliwa Lubumbashi, na Chancelle akaenda naye. Hakuna aliyejua kama atarudi.

Siku hiyo hiyo, tanuru likiwa baridi, Hortense alimwomba jirani ampigie Michée simu kule Kabimba. Walikuwa hawajaongea tangu kifo cha baba yake. Alimweleza yote, kwa fujo: ngozi, zile protini mbili, wifi yake, pazia la muuguzi. Michée alisikiliza bila kumkatiza. Mtu alikuwa anapiga nyundo karibu naye.

"Umemaliza, Mama?"

"Nimemaliza. Unisamehe, mutoto wangu."

"Miye?" Nyundo ilinyamaza. "Miye sikufukuzwa. Nilikwenda na miguu yangu. Mwenye kufukuzwa amelala huku, nyuma ya kanisa, na musalaba wake unasema *bwana wa Hortense*, maana yeye mwenyewe njo alitaka hivyo. Kuja umuambie yeye."

Simu ilikatika. Jirani alinyoosha mkono ili arudishiwe, lakini Hortense aliendelea kuishika sikioni.